Jaël Aliyezaliwa kwa Miguu

Mimi nikiogopa nagomba. Avenyu yetu yote hapa mtaani Kikula inajua. Mtoto wetu Fortunée alipopata malaria ya kichwa nilimgombeza muuguzi, nikamgombeza dereva wa teksi, nikamgombeza hata mbuzi wa jirani aliyelala mlangoni kwetu. Kwa hiyo mkinisikia humu namtukana mtu, mjue kuna kitu kilikuwa kinanitisha. Na mtu niliyemtukana kuliko wote mwaka ule ni wifi yangu Jaël, mdogo wa mwisho wa mume wangu Gaston. Huyo ndiye ninayetaka kuwasimulia maisha yake.

Jaël alizaliwa kwa miguu. Watoto wengine wanatanguliza kichwa, yeye alitanguliza nyayo, na kwetu mtoto wa namna hiyo hazaliwi bure. Nyayo zake zina nguvu. Akikukanyaga mgongo, maumivu yanatoka. Hakuna shule ya kusomea jambo hilo wala duka la kulinunua. Mama mkwe wangu Germaine anasema Jaël alikuwa hajajua kutembea sawasawa alipoanza kazi: mama anamshika kwapani, mgonjwa amelala kifudifudi kwenye mkeka, na mtoto anatembezwa juu ya mgongo wake kama anafundishwa hatua. Mtoto anacheka, mgonjwa anaguna, halafu mgonjwa anaamka anasema, aksanti Mungu.

Kazi hiyo ina masharti yake. Ni asubuhi tatu mfululizo, jua linapotoka, kabla mkanyagaji hajanawa uso. Malipo ni chumvi, konzi moja, inaachwa kizingitini na haihesabiwi. Na sharti kubwa kuliko yote: mkanyagaji na mgonjwa wasisalimiane. Mmoja akitoa salamu, hata kwa bahati mbaya, asubuhi hiyo imeharibika, mnaanza upya kesho. Nilipoolewa katika ukoo huu niliona ajabu. Alfajiri watu wanaingia kwa Jaël kimya kama wezi, wanalala, wanakanyagwa, wanatoka kimya. Ukiwa jirani mgeni utafikiri nyumba ile ina wachawi.

Jaël alikua, akawa mwanamke mwenye mwili, na watu hawakuacha kuja. Wachimbaji wa mgodi wa Kamatanda walikuja, wale wanaoshuka shimoni wameinama na kupanda wamebeba. Wanawake waosha mawe walikuja, viuno vimekaza kwa kukaa majini. Nami sitasema uongo, wengi walipona. Nilipomzaa Elikia kiuno changu kilikataa miezi minne. Jaël alinikanyaga asubuhi tatu, akanifundisha kukanda kwa kitambaa cha maji ya moto na chumvi, akanionyesha kuinua ndoo kwa magoti badala ya mgongo. Wiki ya pili nilikuwa nafua. Alikuwa na mkono wa polepole pia. Siku moja kabla ya kukanyaga, alikuwa anapitisha kiganja kutoka shingoni hadi kiunoni, anakuuliza unalala vipi, unakojoa vipi, miguu inachoma au inauma. Watu walicheka maswali yake. Wewe kanyaga tu, walimwambia, hukuitwa dokta.

Chumvi hailishi mtu, kwa hiyo aliishi kwa kukaanga mikate ya mafuta sokoni. Hakuolewa. Wanaume waliogopa, nafikiri. Nani anataka mke ambaye akikasirika anaweza kukukanyaga kimatibabu?

Sasa nije kwa Gaston.

Gaston ni mchimbaji wa Kamatanda tangu ujana. Mgongo wa mchimbaji kuuma si habari. Mwanzoni hata mimi nilimtania, nikamwambia, Papa Fortunée, umezeeka, kesho nitakununulia fimbo. Mwezi wa kwanza alipaka pomada ya Wachina. Wa pili akaenda kupigwa vantuzi, ile pembe wanayokubandika baada ya kukuchanja na wembe, damu nyeusi ikatoka nusu kikombe na akasifu siku mbili. Wa tatu alikunywa mizizi ambayo uchungu wake ulibaki chumbani hata baada ya kuosha sufuria. Wa nne pastor alimpaka mafuta na kanisa zima likapiga kelele. Vile vidonge wanavyouza kwenye vikaratasi barabarani alivimeza kila siku, vikashika mpaka saa kumi jioni, halafu maumivu yanarudi yamekasirika zaidi. Sizicheki dawa hizo. Mfa maji hukamata maji, na sisi tulikuwa majini.

Mwezi wa sita alikonda. Akilala mchana kidogo, shuka linalowa kama limetoka kwenye beseni. Nikimsugua mgongo, katikati, pale ambapo mkono wangu ulikuwa unateleza, kulikuwa na fundo. Mfupa mmoja ulikuwa umesukuma nje. Nilimwambia na yeye akasema, ni mufupa imehama, itarudishwa.

Halafu siku moja ya mwezi wa nane, alasiri, alitoka chooni akavuka ua kuja kukaa. Nilikuwa nasonga bukari, ugali wetu. Nikainua macho nikaona mguu mmoja una babushi, mwingine mtupu. Babushi ya kushoto, ndara ya plastiki, ilikuwa imebaki katikati ya ua.

"Papa Fortunée," nikamwambia, "babushi yako iko kule."

Akaangalia mguu wake, akaangalia kule. "Ilitoka saa ngapi?" akaniuliza.

Mama wee! Mwiko uliniponyoka. Mtu anatembea hatua kumi bila kiatu juu ya kokoto na hajui? Nikaanza kumgombeza, bila shaka. Nikamwambia yeye ni mzembe, babushi zinanunuliwa, mimi si mama yake wa kumwokotea viatu. Naye aliugusa mguu ule kwa kidole, anaubonyeza kama mtu anayejaribu embe sokoni.

Habari ya hospitali Gaston hakutaka kuisikia. Kuna rafiki yake, Augustin, walichimba pamoja. Augustin naye aliumwa mgongo, miaka miwili imepita. Alipelekwa hospitali miguu imeshalegea, akatoka amekaa kwenye kigari, na mpaka leo anasukumwa na mke wake kwenda kanisani. Avenyu nzima ilisema hospitali ndiyo iliyomharibu.

"Ku hospitali banapasuaka mugongo," Gaston aliniambia. "Unaingia unatembea, unatoka unasukumwa. Minye siendi. Ita Jaël."

Nilimwona Augustin kila Jumapili. Msiniulize kama niliomba. Niliomba mpaka maneno yakaisha. Nilikuwa na watoto, mume anayekonda, na mguu mmoja uliokuwa unakufa taratibu ndani ya nyumba yangu. Tumaini lililobaki lilikuwa na nyayo mbili na lilikuwa linakaanga mikate sokoni.

Jaël alikuja siku ileile. Alimlaza kaka yake, akapitisha kiganja kutoka shingoni. Kilipofika kwenye fundo kikasimama. Hakubonyeza. Aliuliza maswali yake: jasho, kikohozi, mkojo, mguu. Nikamwambia habari ya babushi. Akatoka nje akanawa mikono, akanawa tena, akakaa pale kwenye beseni kama mwenye kazi nyingine.

"Yaya Martine," akaniambia chini chini, maana kwetu yaya ni mkubwa wako, dada au kaka, "hii mugongo haiko ya kukanyaga. Mumupeleke ku hospitali."

"Amekataa. Anakutaka weye."

"Hapana."

"Weye unakanyaga bantu benye haubajue, na kaka yako wa tumbo moja unamukatalia?"

Gaston akaita kutoka ndani, sauti ya kuomba, na sauti ya kuomba kwa Gaston ni kitu nilichokisikia mara moja tu, siku ya posa. Jaël akafumba macho. Akasema sawa, kesho asubuhi.

Kesho yake jua linatoka, Gaston amelala kwenye mkeka, fulana juu. Mimi nimezuia watoto ndani. Tunamsikia Jaël anaingia getini. Na kabla hajafika mlangoni, kwa sauti ya mtu anayeuza makaa, akasema, "Jambo yaya Gaston! Umelala muzuri?"

Halafu akajiziba mdomo. "Aka! Nimesahau."

Basi, asubuhi imeharibika. Nikameza hasira. Siku ya pili alifika mpaka mlangoni, akavua viatu, akamwangalia kaka yake pale chini, akasema, "Bonjour." Siku ya tatu alikohoa, akapiga chafya, na katikati ya chafya salamu ikatoka. Miaka karibu thelathini mtu anafanya kazi hiyo, hajakosea sharti hata mara moja, na kwa kaka yake anasalimia kama karani wa mapokezi!

Nililipuka. Nilimfuata mpaka barabarani na kitenge kimoja tu kifuani. Nikamwambia ana roho mbaya, anamwonea wivu kaka yake kwa sababu yeye hana mume wala mtoto. Ndiyo, nililisema hilo. Nililisema kwa sauti, asubuhi, watu wanapita na mitungi. Aliangalia chini mpaka nilipomaliza.

Usiku ule Gaston alilala na mguu wa pili unachoma. Asubuhi ya nne nilimngoja Jaël getini mwenyewe. Alipotokea tu, nikamkamata kiwiko na mkono wangu wa pili nikamfunika mdomo. Hivyo hivyo, kiganja juu ya midomo yake, nikampeleka ndani kama mtu anayepeleka mwizi polisi. Nilihisi pumzi yake ya moto kwenye vidole vyangu. Majirani wawili, wamama wa kanisa, walikuwa wamekuja kushuhudia. Nilimwachia mdomo alipokuwa amesimama juu ya mkeka.

Alishika nondo za dirisha. Akainua mguu wa kulia. Ulikuwa juu ya lile fundo, kiasi cha kiganja kimoja. Gaston alikuwa amefumba macho, ameuma kona ya mkeka. Nakumbuka nilisema moyoni, shuka, shuka basi, mguu wa Mungu, shuka.

Mguu ukashuka kando, kwenye sakafu.

"Minye sikuzaliwaka na miguu," Jaël akasema.

Hakuna aliyeelewa. Akarudia, kwa sauti kubwa, anawaangalia wale wamama wawili. "Nilizaliwa na kichwa mbele, sawa bantu bote. Mama alidanganya juu bantu banipende. Minye nilikuwa najua tangu zamani. Miguu yangu haina kitu. Bale balipona, balipona benyewe."

"Unasema nini weye?" Gaston aliuliza kutoka chini.

"Nasema nilikudanganya, yaya. Weye na bote. Na bale bengine benye kukanyaga bagonjwa, bamama benye kuzala mapacha, nani na nani, banadanganya pia. Minye njo najua, nimekula ile chumvi maisha yangu yote."

Mmoja wa wamama alipiga makofi ya mshangao. Mwingine alisema Yezu. Na mimi? Mimi nilimsukuma. Nilimwita mla chumvi ya watu, muongo, mwizi wa maumivu ya maskini. Nikamwambia asikanyage tena mlango wangu kama hawezi kukanyaga kitu kingine. Alivaa viatu akaenda.

Gaston alibaki kifudifudi. Nilipomgeuza uso ulikuwa umelowa. Sijawahi kumwona mume wangu analia, hata walipomzika baba yake. "Bon," akasema. "Kama hata ile ni uongo, tuende kule. Bafanye ile banataka."

Tulimlaza kiti cha nyuma cha gari la jirani. Njiani nilishika nyayo zake mapajani mwangu, nazibonyeza moja baada ya nyingine, namuuliza, unasikia hapa? Na hapa? Mara anasikia, mara ananyamaza, na kila akinyamaza nilikuwa namwona Augustin kwenye kigari na mke wake nyuma, halafu mke wake anageuka kuwa mimi.

Hospitalini walimpiga picha ya mgongo. Daktari alikuwa mwanamke mwenye sauti ndogo, dokta Émilienne. Alisema ni kifua kikuu.

"Dokta," nikamwambia, na ukali ukaanza kunipanda, "mume yangu anaumwa mugongo. Weye unasemea kifua."

Hakukasirika. Alinieleza kwamba ugonjwa ule unaweza kuhama kifuani ukakaa kwenye mfupa, ukaula taratibu kutoka ndani, na wachimbaji wanaupata zaidi kwa vumbi na kubanana. Akanionyesha kwenye picha. Mifupa ya mgongo imepangana vizuri, halafu mmoja umeporomoka kama tofali bichi lililonyeshewa, na nyuma yake tu inapita njia ya neva za miguu.

"Nani alimukandakanda hapa?" akauliza. Nikasema pomada, na vantuzi. "Hakuna muntu alibonyeza? Alikalia? Alikanyaga?"

"Hapana," nikasema.

"Una hakika?"

"Nina hakika."

"Basi mushukuru Mungu. Hii mufupa muntu akipanda juu yake na kilo zake zote, inaingia mu neva pale pale. Miguu inaenda, hairudi. Sasa tuko na nafasi. Dawa mwaka muzima, koreti ya kushika mugongo, na asibebe kitu."

Nilitoka nje nikakaa chini kwenye korido, kitenge changu kwenye saruji, watu wananiruka. Vidole vyangu vilikuwa bado vinakumbuka ile pumzi ya Jaël. Kiganja kimoja tu kilibaki kati ya mguu wake na lile fundo. Nilikuwa nimemfunika mtu mdomo ili amvunje mume wangu mgongo, na nilikuwa naomba mguu ushuke.

Lakini nilijifariji haraka, ndivyo nilivyo. Nikajiambia, tumepona kwa sababu Jaël ni muongo. Uongo wake umetusaidia kwa bahati. Nikarudi Kikula na hadithi hiyo, nikaimwaga bombani tunapochota maji, na haikunichukua siku mbili kuisambaza. Watu walikasirika kweli. Wengine walitupa pakiti tupu za chumvi kwenye geti lake, wengine walipita na kusema, rudisha chumvi yetu. Mikate yake ilikaa sokoni mpaka ikakauka. Pastor alihubiri juu ya ndimi za uongo na hakutaja jina, lakini benchi zima lilisogea. Jaël aliendelea kwenda kanisani akakaa peke yake.

Gaston alimeza dawa zake. Mwezi wa pili jasho likakoma. Wa tatu akaanza kuisikia miguu, akalalamika kokoto zinachoma, nami nikaenda kulia chooni kwa furaha. Maumivu hayakwisha yote, hata leo hayajaisha. Dokta mwenyewe alisema mgongo ule utabaki una kumbukumbu. Kwa hayo yaliyobaki kuna mtu wa hospitali anayemfundisha mazoezi ya kulala chali na kuvuta pumzi, na jioni namwekea kitambaa cha moto cha chumvi kiunoni, mbali na fundo. Dokta alikubali. Aliniuliza nani alinifundisha kukikamua vizuri vile, nikabadilisha mazungumzo.

Mwezi wa tano wa dawa mama mkwe alitoka kijijini Mwadingusha, anakolima na kaka mkubwa wa Gaston. Alikuja na samaki wakavu kumwangalia mwanawe. Nilimpa maji kwa mikono miwili, nimepiga goti kidogo kama inavyotakiwa. Ndipo akaniuliza ni upumbavu gani huo aliousikia stendi, kwamba binti yake amesema hakuzaliwa kwa miguu.

"Njo vile alisema, mama," nikajibu. "Mbele ya bantu."

"Martine." Aliweka kikombe chini. "Mutoto, minye njo nilimuzala. Muguu moja ilitoka, ikakaa inje, ya pili ikakataa. Mukunga alikimbia kuita mwenzake. Minye mwenyewe nilishika ule muguu na mukono hii, nikasukuma nikavuta, nikasema leo tunakufa sisi wawili. Bamama watatu baliona, wawili wangali hai. Nani alizaliwa na kichwa?"

Mama hakuwa anatania. Alikuwa anatafuta viatu vyake. Alisema atapita nyumba kwa nyumba, atawaleta wale wamama wawili, atasimama kanisani kama ni lazima, lakini jina la tumbo lake halitachezewa.

Nilimwacha na samaki wake nikakimbia kwa Jaël. Kweli nilikimbia, mwanamke wa miaka arobaini na mbili, kitambaa cha kichwa mkononi. Nilimkuta uani anaosha karai. Sikusalimia.

"Ulizaliwa na miguu," nikamwambia.

Akaendelea kuosha. "Mama amezeeka. Anasahau."

"Jaël!"

Hapo akakaa chini. Nitaeleza kwa maneno yangu, kwa sababu yake yalikuwa yanakatika. Miaka miwili iliyopita Augustin alikuja kwake, mgongo una fundo dogo, usiku anatoa jasho. Alikanyagwa asubuhi ya kwanza na hakukuwa na kitu. Asubuhi ya pili Jaël alihisi chini ya kisigino kitu kimezama, kikatoa sauti ndogo, kama unapokanyaga ganda la karanga. Augustin alisema ah. Aliamka, akatembea mpaka kwake akiburuta mguu, na asubuhi ya tatu hakuja. Wakampeleka hospitali miguu imekufa, na watu wakasema hospitali ndiyo iliyomharibu. Augustin mwenyewe hakumshuku. Alimtumia chumvi yake.

"Nilitaka kuacha," Jaël akasema. "Lakini ningeacha, bangeniuliza juu ya nini. Ndugu zake Augustin banne, yaya, unabajua. Nikaendelea. Kila muntu nilikanyaga, nilikuwa nasikiliza ile sauti. Miaka mbili. Nikipanda mugongo ya muntu, mayi inanitoka mu mikono. Halafu naona ile fundo kwa kaka yangu."

"Ungeniambia minye!"

"Nilikuambia. Nilikuambia hospitali. Nilisalimia mara tatu."

Sikuwa na pa kuficha uso. Nikasema nitakwenda bombani sasa hivi, nitawaambia wote, nitalisafisha jina lake kwa mdomo uleule uliolichafua. Akanishika mkono kwa nguvu mpaka ikauma.

"Hapana! Yaya, hapana. Ukisema, batarudi. Kesho asubuhi batakuwa ku geti. Muongo haitwi kukanyaga muntu. Acha baniite muongo. Tangu ile siku nalala."

"Na mama? Mama anapita nyumba kwa nyumba."

Alimwogopa mama yake kama sisi sote. "Mama hatanisikia," akasema. "Weye njo uko na mudomo."

Hayo yalikuwa Ijumaa. Jumapili, tumetoka kanisani, mama mkwe alikuwa kwenye kigoda uani kwetu anachambua sombe, majani ya muhogo, na Gaston kwenye kiti, koreti yake chini ya shati. Getini wakaingia vijana wawili wakubwa wamemshikilia mama yao katikati. Alikuwa mwanamke wa umri wangu hivi, amejifunga kitenge kukaza mgongo, na kila hatua alikuwa anaomba ruhusa kwa miguu yake.

"Tunamutafuta Jaël mwenye kukanyaga," mmoja akasema. "Balisema ni muongo, lakini tumesikia ku soko mama yake mwenyewe anashuhudia."

Mama mkwe akaweka sombe chini, akasimama, akajifuta mikono. Alikuwa amengojea siku hiyo. "Mumefika," akasema. "Minye njo nilimuzala. Na mukono hii nilimuvuta kwa miguu. Nitabapeleka kwake mwenyewe, na kesho asubuhi atamukanyaga huyu mama."

Miaka kumi na saba niko katika ukoo huu. Sijawahi kumjibu mama mkwe. Akisema mchele ni mahindi, nasaga. Nilimwangalia yule mgonjwa, nikawaona na wanawe wanaanza kutabasamu, na woga ukanipanda, na safari hii sikupata wa kumgombeza ila mmoja.

"Mama anadanganya," nikasema.

Nikawageukia wale vijana.

"Jaël alizaliwa na kichwa. Yeye ni muongo, na huyu mama yake ni muongo, njo alimufundisha. Bantu bote ba Kikula banajua. Mupeleke mama yenu ku hospitali leo, muulize dokta Émilienne, bamupige picha. Asikanyagwe na muntu. Mumesikia? Na muntu hata moja!"

"Weye, Martine?" mama mkwe aliuliza. Hakupandisha sauti.

"Minye, mama."

Vijana waliangaliana, wakamgeuza mama yao, wakatoka. Kama walifika hospitali sijui, na bado naogopa. Mama mkwe alifunga kifurushi chake mbele ya majirani waliokuwa wamejaa getini, akarudi Mwadingusha siku ileile, na mpaka leo hajapokea maji mkononi mwangu. Jioni Gaston aliniuliza kama kweli mama yake ni muongo. Nilimwambia ndiyo, mbele ya watoto, nikaendelea kusonga bukari.